Hamilton au Jefferson, waasisi wawili wa Marekani waliopingana, we ungekuwa upande gani?

Hamilton, waziri wa fedha wa George Washington (rais wa kwanza), alitaka serikali kuu yenye nguvu, akaanzisha benki ya taifa 1791, madeni ya vita ya majimbo yote yakabebwa na serikali kuu, sasa hela itoke wapi, akabandika kodi kwenye wiski, wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania wakawaka na 1794 Washington akawapelekea wanamgambo karibu 13,000!

Jefferson yeye upande wake ni majimbo na wakulima, sio serikali kuu, katiba isomwe ilivyoandikwa bana. Ila (hapa ndo huwa nacheka) 1803 akiwa rais akanunua Louisiana (eneo kubwa la Ufaransa huko Amerika) kwa dola milioni 15 na katiba haijasema popote kuwa rais anaweza kununua ardhi hivyo.

Kwa uchumi mi namchukua Hamilton, ila kwa siasa za mtaani Hamilton hamuwezi Jefferson, kodi ya wiski ilifutwa 1802 chini yake.