Uzoefu wangu: kukimbia chini ya mivinje ya Bamburi msimu wa joto ukianza

Kwa mkazi wa Mombasa anayependa kukimbia asubuhi mwezi wa Desemba, wakati kaskazi inaanza kuvuma na mvua za vuli bado hazijaaga, sijaona mahali panapozishinda njia za msitu wa Bamburi, kando ya barabara kuu ya Malindi. Ufukweni kuna upepo, ni kweli, lakini jua la saa mbili hukukuta huna pa kujificha, na bahari ikijaa huna pa kupita.

Msituni upepo ni haba, na nalisema hilo wazi ili mgeni asije akitarajia baridi. Hewa inapobeba mvuke mwingi, jasho halikauki, na jasho lisilokauka haliupozi mwili. Huchuruzika tu hadi kwenye soksi, huku moyo ukienda mbio kupita miguu. Kivuli hakiondoi unyevunyevu huo, ila kinakuepusha na jua la utosini, na kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kati ya kumaliza mzunguko nikikimbia na kuumaliza nikijikokota. Mlinzi wa langoni aliwahi kuniambia, "Leo hewa nzito, kaka, anza polepole," na nikaona amenifaa kuliko saa yangu ya kupimia mapigo ya moyo.

Jambo linalonirudisha pale hasa ni ardhi yenyewe. Hapa palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, peupe na pakavu, mpaka mwaka 1971 René Haller, mtaalamu mzaliwa wa Uswisi, alipoanza kujaribu aina 26 za miti, zikasalimika tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake membamba yalirundikana bila kuoza, hadi walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza mboji, na udongo ukaanza kupatikana juu ya mwamba mtupu. Leo unakanyaga tabaka laini la majani hayo, na magoti yangu, yaliyozoea adhabu ya lami ya Nyali, hayajawahi kulalamika. Majongoo bado wapo. Baada ya manyunyu hujitokeza njiani na miguu yao myekundu, nami huwaruka kwa adabu, maana si vizuri kumkanyaga fundi ndani ya kazi yake.

Vaa fulana nyepesi inayokauka upesi, kwa sababu fulana ya pamba ikishalowa hukuganda mgongoni hadi mwisho, na ubebe maji ya kutosha. Dafu litafuata baadaye. Pale mwamba ulipojitokeza, njia ikiwa na umande huteleza, kwa hiyo punguza mwendo. Jioni mimi siendi, kwa kuwa joto la mchana huwa bado limetuama chini ya miti, na mbu wa kandokando ya mabwawa hawana muhali na mtu.