Kuhesabu au kurusha: njia mbili za kuujua uwezekano

Chukua sarafu ya shilingi 200 ya Tanzania: huku Karume, kule simba. Uwezekano wa kupata Karume unaweza kuutafuta kwa kalamu au kwa mkono.

Kwa kalamu ni suala la dakika moja. Pande mbili, unayoitaka moja, basi ½. Ila kalamu nayo humponza mtu. Ukirusha mara mbili, wengi husema matokeo ni matatu: Karume wawili, simba wawili, au mchanganyiko. Kumbe ni manne, maana Karume-simba si sawa na simba-Karume. Kwa hiyo mchanganyiko una nusu nzima. D'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliteleza kwa namna inayofanana mwaka 1754: naye alihesabu matokeo matatu badala ya manne.

Kwa mkono kunachosha, na mwanzoni kunakatisha tamaa. Ukirusha mara 10, kupata Karume watano kamili hutokea kama mara moja tu katika kila majaribio manne. Uvumilivu ndio unaolipa: mwanahisabati John Kerrich, akiwa kizuizini Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirusha sarafu mara 10,000 akapata upande wa kichwa mara 5,067. Jirani kabisa na nusu.

Mimi kwa sarafu nzima huchagua kalamu. Lakini kwa kizibo cha soda kalamu haifui dafu. Pande zake hazilingani, hivyo huna budi kurusha. Na simba wakitokea mara tano mfululizo, Karume hana “zamu” yake: bado ni ½ ileile.