Chaja ya baiskeli ya Nokia katika mizani ya uhandisi wa mifumo

Katika vifaa vya kuchaji simu kwa nguvu ya miguu vilivyopata kuuzwa Afrika Mashariki, sijaona kilichofikiriwa kwa makini kuliko Nokia Bicycle Charger Kit, ambacho kampuni hiyo ya Ufini ilikizindua nchini Kenya mwaka 2010 kwa bei ya takriban shilingi 1,500. Kimekwisha kutoweka madukani, na anayekitaka leo hana budi kukitafuta kwa wauza mitumba au katika sanduku la fundi wa simu. Hata hivyo kinastahili kutathminiwa upya, kwa sababu vingi vya vifaa vinavyouzwa sasa kwa kazi hiyohiyo vinaanguka pale ambapo chenyewe kilisimama imara, na mnunuzi akikielewa vizuri hiki cha zamani atajua la kumuuliza muuzaji wa kipya.

Mizani ninayoitumia ni ya uhandisi wa mifumo, taaluma iliyokomaa katika kazi kubwa kama mitandao ya simu na safari za anga za juu, lakini ambayo kanuni zake zinafaa vilevile kwa kifaa cha kufungwa kwenye usukani. Mhandisi wa mifumo haanzi na dainamo wala waya. Huanza na mtumiaji, mazingira yake na shida yake, akaigeuza shida hiyo kuwa matakwa yanayoweza kupimwa, na kila takwa akaliandikia jaribio litakaloonyesha kama limetimizwa, yote hayo kabla skrubu ya kwanza haijakazwa. Baada ya hapo ndipo anapougawa mfumo katika sehemu zake, na jicho lake hukaa zaidi pale sehemu moja inapokutana na nyingine, kwa kuwa hapo ndipo mifumo mingi huharibikia.

Mtumiaji wa kifaa hiki alijulikana vyema. Ni mwendesha boda boda wa baiskeli, muuza maziwa au mhudumu wa afya wa kijijini, mtu ambaye nguzo za umeme hazijafika kwake lakini simu ndiyo inayomletea wateja na, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ndiyo inayomtunzia fedha. Mtu huyo alikuwa akiipeleka simu sokoni na kulipa kama shilingi 20 kwa kila chaji, na hasara yake kubwa haikuwa hizo shilingi. Ilikuwa ni zile saa ambazo simu ililala juu ya meza ya mtu mwingine, katikati ya simu za watu wengi, huku wateja wakipiga na kuambiwa kwamba haipatikani. Kwa hiyo takwa la kwanza ni kwamba simu ibaki na mwenyewe, iendelee kupatikana wakati inachajiwa, na ichajiwe kwa safari ambazo mwenyewe angezifanya hata bila chaja. Ukimtaka mtu akae mahali pamoja akanyage pedali kwa ajili ya simu tu, umekwisha kushindwa, maana jioni miguu yake imechoka na kazi ya siku.

Takwa hilo likikubaliwa, mengine yanafuata. Kifaa kianze kuchaji kwa mwendo wa baiskeli iliyobeba mizigo, si kwa mwendo wa mwanamashindano. Kisiiunguze simu pale baiskeli inapoteremka mlima kwa kasi. Kifungwe kwenye baiskeli za kawaida, zile nzito za fremu ya chuma, bila kukata wala kuchomelea kitu. Na bei yake irudi kwa muda ambao maskini anaweza kuusubiri. Kwa shilingi 20 za kila chaji, shilingi 1,500 ni chaji 75, na kwa mtu anayechaji mara mbili au tatu kwa wiki fedha hiyo inarudi kabla mwaka haujaisha. Naliona takwa hilo kuwa limetimizwa, ingawa kutoa shilingi 1,500 kwa mkupuo hakukuwa jambo jepesi kwa kila nyumba.

Kifaa chenyewe kina sehemu tatu: dainamo ndogo ya chupa, yaani yenye umbo la chupa, inayosuguana na ubavu wa tairi, kisanduku cha chaja kinachougeuza umeme wa dainamo kuwa umeme unaoifaa simu, na kishikizo cha kuiweka simu kwenye usukani. Nokia walieleza kwamba kinaanza kuchaji baiskeli ikifika kilomita 6 kwa saa, kinaacha ikifika kilomita 50 kwa saa, na kwamba dakika 10 za mwendo wa kilomita 10 kwa saa zinaipa simu dakika 28 hivi za kuongea au saa 37 za kusubiri, yaani kukaa imewashwa bila kuongewa. Takwimu hizo ndizo zinazonifanya niwaheshimu waliokibuni, kwa sababu zimeandikwa kwa lugha ya mtumiaji. Mwenye baiskeli hana haja ya kujua wati. Anataka kujua kwamba akienda kisimani na kurudi, simu yake itafika kesho. Ukipiga hesabu kwa kutumia simu ndogo ya wakati ule yenye betri ya mAh 860 (mAh ni kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri hubeba), utaona kwamba kinachoingia kwenye betri kwa mwendo huo ni kama wati moja tu, na wati hiyo moja ilitosha.

Hiyo kilomita 6 kwa saa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha kazi ya mhandisi na kazi ya kubahatisha. Dainamo ya baiskeli hutoa umeme unaobadili mwelekeo, na volti zake hupanda na kushuka pamoja na mwendo. Ili simu iukubali, umeme huo sharti upitie diodi nne, vipuri vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, ambazo huunyoosha, ambapo wakati wowote unapita katika mbili kati ya hizo. Diodi ya kawaida ya silikoni humeza kama volti 0.7, kwa hiyo volti 1.4 zimepotea kabla kazi haijaanza, na baiskeli inapokwenda polepole volti zenyewe ni chache mno kustahimili hasara hiyo. Mbunifu anayewajali wenye mizigo huchagua diodi aina ya Schottky, ambazo humeza volti pungufu ya hizo, kisha huweka kapasita ya kutuliza mawimbi na kidhibiti kinachoshusha volti bila kuzigeuza kuwa joto. Mbunifu asiyewajali huweka kidhibiti cha bei rahisi cha mfano wa 7805, ambacho huhitaji takriban volti 7 ndipo kitoe 5 zilizotulia, na matokeo yake chaja inalala usingizi njia nzima na kuamka kwenye mteremko. Upande wa pili wa kipimo nako kuna hatari yake: dainamo isiyounganishwa na kitu cha kutumia umeme wake ikizungushwa kwa kasi hutoa volti nyingi kupita kiasi, na ule ukomo wa kilomita 50 kwa saa ni kinga ambayo vifaa vingi vya bei nafuu havina.

Ufungaji unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hata kifaa kizuri huharibiwa na mkono wa haraka. Ukiinama kando ya gurudumu na kuifuata kwa macho mhimili wa dainamo, mstari wake ukirefushwa lazima upite katikati kabisa ya ekseli. Ukienda pembeni hata kidogo, kigurudumu cha dainamo kinaburuzika badala ya kubingirika, na ubavu wa tairi unaanza kutoa vumbi jeusi na kulika. Katika dainamo zinazotumia waya mmoja, fremu yenyewe ndiyo waya wa pili, na skrubu yenye ncha lazima itoboe rangi hadi iguse chuma; fundi akiogopa kuchubua rangi, umeme haupiti. Tairi nyingi za baiskeli nzito zina mistari ya mikunjo ubavuni iliyotengenezwa kwa ajili ya dainamo, na hapo ndipo kigurudumu kinapokaa vizuri. Wakati wa masika, hata hivyo, mpira uliolowa na wenye tope huteleza, na hakuna dainamo ya chupa isiyoteswa na tabia hiyo. Dainamo ya ndani ya kitovu cha gurudumu haina shida hiyo na nguvu inayopoteza ni pungufu, lakini inadai gurudumu lisukwe upya kwa spoki, na bei yake peke yake inaweza kushinda bei ya seti nzima ninayoizungumzia. Waliochagua dainamo ya chupa walifuata matakwa yao, na naona walichagua sawasawa.

Mwaka mmoja kabla ya Nokia, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, walikuwa wamekwisha kuonyesha chaja yao ya baiskeli, iliyotumia vipuri vya vifaa vilivyotupwa na kuuzwa kwa shilingi 350. Siwezi kuitaja chaja ya kampuni kubwa nikanyamaza kuhusu yao. Walilipa uzito mkubwa zaidi takwa la bei na lile la kutengenezeka kijijini, na kwa mtu ambaye shilingi 1,500 ni chakula cha familia kwa siku kadhaa, uamuzi wao ulikuwa na busara kubwa. Kinachonisikitisha ni kwamba kazi kama ile haikupata kiwanda cha kuifikisha katika kila soko la wilaya.

Udhaifu mkubwa wa kifaa cha Nokia uko mahali pale ambapo mhandisi wa mifumo huangalia kwanza, yaani kwenye makutano. Ncha ya waya wake ni ile pini nyembamba ya milimita 2 ya simu za Nokia. Mwaka 2010 uamuzi huo ulieleweka, maana simu hizo zilijaa kila mahali na mtu aliyevunja pini aliweza kupata nyingine kwa jirani. Lakini mwaka mmoja nyuma, 2009, watengenezaji wakubwa wa simu, Nokia wakiwamo, walikuwa wamekubaliana na Tume ya Ulaya kwamba simu zao zitatumia tundu la pamoja la micro-USB. Kwa hiyo hata waliokibuni walijua kwamba pini ile ina siku za kuhesabika. Takwa la umri wa kifaa halikuandikwa, au liliandikwa likaachwa. Dainamo inayoweza kuzunguka miaka mingi ilifungwa kwenye pini ambayo soko lilikuwa linaiaga, na tundu la USB kwenye kile kisanduku, pamoja na kipande cha waya wa pini, lingeinusuru seti nzima.

Hata ukibadilisha pini leo, jambo jingine limebadilika chini ya miguu yetu. Simu janja ya kawaida sasa ina betri ya mAh 5,000, yaani karibu wati-saa 19, ambayo ni kama mara sita ya betri ya ile simu ndogo. Dainamo ya chupa ya kiwango kinachojulikana, volti 6 na wati 3 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ikishapunguziwa hasara za njiani huifikishia simu wati 2 hivi, na kuijaza simu hiyo kutoka mwanzo ni karibu saa 10 za kukanyaga pedali. Isitoshe, baiskeli inapopunguza mwendo kwenye kona au kwenye mchanga, chaji inakatika, na inaporudi simu janja huwasha kioo chake kuonyesha kwamba imeanza kuchajiwa. Katika barabara yenye makorongo kioo kinawaka na kuzima njia nzima, kikila sehemu ya kile kilichopatikana kwa jasho. Ndiyo maana sikubaliani na vifaa vinavyounganisha dainamo na simu moja kwa moja huku karatasi ya sanduku ikiahidi ampia moja kwa volti 5. Hizo ni wati 5, na dainamo ya wati 3 haiwezi kuzitoa kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia. Mfumo unaofaa kwa matakwa ya sasa uwe na pawa benki katikati, inayokubali kuchajiwa kwa umeme mdogo na unaokatikakatika, ijazwe mchana kutwa njiani na kuilisha simu usiku kwa utulivu.

Kwa mwenye simu ndogo ya batani anayesafiri kwa baiskeli kila siku, seti ya Nokia iliyo nzima bado ni ununuzi mzuri, mradi fundi ambadilishie ncha ya waya na ahakikishe kwa mita ya kupimia umeme kwamba volti zinazotoka zinaifaa simu yake. Kwa mwenye simu janja, namshauri anunue dainamo imara na kisanduku chenye tundu la USB, aongeze pawa benki, na asidanganywe na tarakimu za kwenye sanduku. Kifaa chochote kati ya hivyo kinaweza kupimwa papo hapo dukani. Baiskeli inuliwe, dainamo iegemezwe kwenye tairi, chaja iunganishwe na simu, na gurudumu lizungushwe taratibu kwa mkono. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara tatu kwa kila sekunde nne, huo ndio mwendo wa kilomita 6 kwa saa, na kwa mwendo huo alama ya chaji inapaswa kuwa imekwisha kuonekana kwenye kioo. Ikionekana tu pale gurudumu linapozungushwa kwa nguvu zote, mrudishie muuzaji kifaa chake.