Wae Rebo au Kombo: ukae juu au chini?

Wae Rebo, kijiji cha mlimani kisiwani Flores, Indonesia, hakina barabara. Kutoka kijiji cha Denge unapanda mlima kwa miguu kwa muda wa saa mbili, tatu hivi, na kahawa inashuka begani mwa mtu. Nyumba kuu ni saba, za msonge, paa limeshuka karibu kugusa ardhi. Ndani kuna ngazi tano: watu chini, juu yao vyakula, kisha mbegu, kisha akiba ya mwaka wa ukame, na kileleni kabisa sadaka ya mababu. Ukarabati wa nyumba hizo ulipata tuzo ya UNESCO mwaka 2012. Siku hizi wageni hulala mkekani na kulipa, kipato kinachoongezea kile cha kahawa.

Kombo, kijiji pacha kule chini, hakuna anayesafiri kwenda kukipiga picha. Ila kina shule, na hapo ndipo familia zinapogawanyika: watoto chini na madaftari, wakubwa juu na mibuni.

Mimi ningelelea watoto Kombo. Mibuni ningeiacha hukohuko mlimani, msimu ukifika tupande wote kuchuma, hata kama mdogo atanung'unika njia nzima.