Uzoefu wangu: kununua nyumba ya mawe Shela, Lamu (dalali nyota 2, wakili nyota 5)

Naandika hii manake kila nikiweka picha ya nyumba kwa stetasi watu wanajaa inboksi kuuliza bei, hakuna hata mmoja anayeuliza makaratasi. Bei sitaitaja. Jueni tu Shela kinaitwa kijiji lakini bei zake si za kijiji, wazungu wananunua pale miaka na miaka na kila mwenye gofu la nyumba anajua hivyo. Sisi tulichukua nyumba ndogo ya ndani ndani, mbali na bahari, orofa moja, dari nusu imeanguka.

Dalali nyota 2, na hizo ni kwa sababu nyumba ilikuwepo kweli. Alituambia mwenye nyumba ni mzee mmoja tu, tulete dipoziti kesho asubuhi kabla hajaja mteja mwengine. Mmoja wapi! Nyumba ilikuwa ya marehemu, haijagawanywa hata kidogo, warithi wengine wako Lamu wengine Mombasa, na dada yao mmoja ameolewa Muscat. Na jamaa alijua fika, manake familia yote anaijua kwa majina, ila alikuwa ashaahidiwa chake na wao na huku anatudai sisi.

Wakili sasa, mashallah. Alikataa hata shilingi isitoke mpaka warithi waende kwa kadhi wajulikane ni nani na nani na kila mtu fungu lake, halafu wote watie sahihi, yule wa Muscat akasaini pawa ya atoni, yaani karatasi ya kumpa mtu mwengine ruhusa ya kumuuzia, huko huko ikagongwa mihuri ikaletwa. Ilichukua muda mpaka tukachoka, lakini bora kuchoka kuliko mtu kuja miaka kumi baadaye anadai thumuni yake, fungu lake la urithi. Akauliza pia mambo mawili ambayo dalali hakuyagusa kabisa. La kwanza wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, kwa sababu Lamu watu wameweka wakfu nyumba, visima na mashamba tangu zamani, na cha wakfu hakiuzwi hata ukoo mzima ukubali. La pili wikio, kile chumba kinachopita juu ya uchochoro kikashika nyumba ya pili, ni chetu ama cha jirani? Kikawa cha jirani. Kwenye bei ya dalali kilikuwa chetu 😂

Kodi nayo ilileta kelele. Stampu duti, ile kodi ya kuhamisha umiliki, ni ya mnunuzi, 4% mjini na 2% shamba, muulize wakili mapema eneo lako limewekwa wapi. Ile kodi ya faida ya kuuza ni ya muuzaji, na tangu 2023 imepanda kutoka 5 mpaka 15%, kwa hivyo warithi walipoisikia wakataka kutubebesha sisi, tukavutana wee mwisho wakalipa. Na nyinyi mlio nje mlioacha uraia wa Kenya, katiba ya 2010 inawahesabu wageni, mnapata lizi, yaani kukodishwa ardhi, isiyozidi miaka 99, si ardhi ya milele, anayewaambia vingine anawauzia maneno.

Nyumba yenyewe nyota 4. Kuta nene za matumbawe, mchana kuna ubaridi bila feni. Vyumba virefu vyembamba kwa vile boriti, zile nguzo zinazobeba dari, ndizo zinazoamua upana, usije na kitanda cha Nairobi ukadhani kitageuka. Nyota moja nimeikata kwa yule aliyepiga plasta ya simiti juu ya ukuta wa chokaa, unyevu haupati pa kutokea, chumvi inapanda na plasta inabambuka vipande vipande, fundi amebandua yote anarudisha chokaa. Na gari hakuna, mchanga, mawe na chokaa vyote vinaingia kwa punda, kwa hivyo bajeti ya Mombasa isahau, hesabu boti, hesabu wapagazi, hesabu punda. Birika la chooni, lile tangi la maji, bado lina vile visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, tumeviacha vifanye kazi yao.

Dalali yule sitamrudia, ila wakili nitakupa namba ukiniuliza. Ukija kuangalia nyumba usije wakati wa Maulidi, hutapata pa kulala wala mtu wa kukaa nawe kuzungumza biashara. Njoo masika mvua ikinyesha, uone dari inavuja wapi. Yetu ilivuja kote isipokuwa jikoni.