Presha ya mzee: atembee au aegemee ukuta?

Mzee wa Ujiji akiambiwa afanye mazoezi kwa ajili ya presha, moja kwa moja anawaza kutembea. Sawa kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo unaomruhusu kuongea lakini si kuimba. Asubuhi, kabla jua halijachoma, barabara ya kwenda Mwanga inatosha. Vilima vya Kigoma mjini avipande taratibu.

Njia ya pili wengi hawaijui: kuegemeza mgongo ukutani na kushuka kama anayetaka kukaa, ila kiti hakipo. Anatulia hapo dakika mbili, anapumzika, anarudia hadi mara nne. Siku tatu kwa wiki. Mvua ikinyesha, sebuleni panatosha. Uchambuzi wa mwaka 2023 uliojumlisha majaribio 270 ulionyesha mazoezi ya kutulia namna hii yanashusha namba ya juu ya kipimo cha presha kwa takriban 8, na yale ya mwendo kwa 4 na nusu hivi. Ila walioshiriki majaribio hayo hawakuwa wazee pekee.

Kwa bibi mwenye magoti mabovu, mimi nachagua kutembea. Mwenye miguu imara ajaribu ukuta: aanze kwa sekunde chache, asishuke sana, kiti kiwe karibu, na asibane pumzi hata kidogo, maana hapo presha hupanda ghafla. Ikiwa tayari iko 180, amwone daktari kwanza. Vidonge haviachwi.