Kitanda Kilichotaka Kanzu: Uzoefu Wangu na Mashuka ya Kushonesha kwa Gari la Kulala

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia mashuka niliyoshonewa na fundi mmoja wa kanzu wa Mji wa Kale kwa ajili ya kitanda kilichomo ndani ya gari letu. Kwa kuwa najua wako wengine hapa Mombasa waliogeuza Hiace zao kuwa vyumba vya kulala na wanaotaabika kama nilivyotaabika mimi, nimeona nieleze nilichokipata, nilicholipa, na pale ambapo bado pananiudhi.

Kwanza gari lenyewe, maana bila kulielewa malalamiko yangu yataonekana ya mtu mvivu. Hiace ya kawaida ina upana wa milimita 1,695 kwa nje, na ukishaondoa unene wa bodi pamoja na mbao zinazofunika kuta, ndani hazisalii hata futi 5 na nusu. Mtu mzima hawezi kulala kwa kukingama, hivyo kitanda hulazwa kwa urefu wa gari. Aliyetubadilishia letu aliweka jiko na tangi la maji kwenye mlango wa nyuma, mchago wa kitanda ukagota mgongo wa kabati hilo, ubavu wa kulia ukabanwa na ukuta, na kwenye kona ya kushoto ya mchagoni akaweka sanduku la betri, kwa hiyo godoro likakatwa kona kama mkate uliong'atwa na mtoto. Mahali pekee pa kukifikia kitanda ni mlango wa kuburuta, nao unakutana nacho upande wa miguuni.

Nyumbani mtu hutandika kitanda kwa kukizunguka. Humu hakuna pa kuzunguka. Unapanda juu ya godoro kwa magoti, unatambaa hadi mchagoni, na kwa kuwa umekalia kitu kile kile unachotaka kukiinua, uzito wako mwenyewe ndio unaokushinda. Unaichomeka kona kwa ncha za vidole kati ya godoro na ukuta, ukirudi nyuma shuka linakufuata kwenye magoti, na ukiivuta kona ya miguuni, ile ya kule inafyatuka. Kutoka godoroni hadi darini hazifiki futi 3, kwa hiyo yote hayo unayafanya umeinamisha shingo. Mwezi wa Februari, jua la kaskazi likiwa kali, ni kazi ya kuoga mara mbili. Mzee wangu alikuwa akisimama nje mlangoni akinielekeza, jambo ambalo halikunisaidia hata siku moja.

Nilianza kwa kununua shuka la lastiki dukani, la futi 5 kwa 6, kwa shilingi 1,800, muuzaji akiwa amenihakikishia kwamba linaingia kitanda chochote. Godoro letu ni la futi 4 na inchi 2 kwa futi 6, na unene wake ni inchi 4 tu, wakati mashuka hayo hushonwa kwa magodoro manene ya nyumbani. Kitambaa kilichozidi kilijikusanya chini ya mgongo kama matuta ya mihogo, kona iliyokatwa ikabaki na mfuko mtupu unaoning'inia, na baada ya miezi mitatu ya kufungiwa ndani ya gari linaloshinda juani, lastiki ikalegea ikawa kama uzi wa kawaida. Isitoshe, kitambaa chake kilikuwa na poliesta nyingi, na atakayelala juu ya poliesta ndani ya bati, usiku wa Mtwapa usio na upepo, ataamka ameloa.

Yule fundi nilimfuata kwa ajili ya kanzu ya mzee wangu, wala sikuwa na nia ya shuka. Nilipomweleza shida yangu, alikuja na futi yake hadi nilipoegesha, akainama mlangoni na kulitazama godoro kwa muda.

“Mama, hiki hakitaki shuka,” akasema. “Hiki kinataka kanzu. Na mtu havai kanzu akiwa amebanwa ukutani, huivaa amesimama mahali pa wazi.”

Nikamuuliza, “Basi, fundi, godoro la futi 6 tutalitoaje kwenye mlango huu kila mara?”

“Tutalikata.”

Sikulala vizuri usiku ule, maana godoro lilikuwa jipya. Lakini alikuwa na hoja. Fundi wa viti alilikata kwa kisu kirefu chembamba, vikapatikana vipande viwili: cha futi 4 kwa mchagoni na cha futi 2 kwa miguuni. Ukataji huo ufanyeni kwa akili, kwa sababu ufa ukiangukia kiunoni utausikia usiku kucha, ilhali wetu umeangukia magotini, mahali ambapo mwili hauna uzito mkubwa.

Kisha fundi wa kanzu akatandaza karatasi za kaki juu ya vipande hivyo na kuvichora, pamoja na ile kona iliyokatwa, kama anavyochukua kipimo cha bega. Kila kipande kina vazi lake, ambalo kinavishwa nje ya gari, kama mto unavyoingizwa kwenye foronya. Badala ya lastiki alipitisha kamba ndani ya pindo, kama ya suruali, unaikaza na kufunga fundo. Kipande cha mchagoni kinakunjwa kidogo kipite mlangoni, kinasukumwa hadi kigote kabati, kisha cha miguuni kinafuata na kukibana. Shuka la juu linafungwa kwa vifungo vinne kwenye pindo la miguuni, ili lisiteleze kuelekea kiti cha dereva, na linaufunika ufa. Kazi iliyokuwa ikinichukua robo saa sasa haizidi dakika tano, na naifanya nimesimama.

Kitambaa cha pamba nilikinunua mwenyewe Biashara Street, na kwa seti mbili, pamoja na ushonaji, nililipa shilingi 5,600 bila kuhesabu fundi wa viti. Si bei ndogo. Fundi alinionya nikiloweke usiku kucha kabla hajakata, kwa kuwa pamba hunywea kwenye maji ya kwanza. Nilikiloweka kimoja, cha pili nikaona uvivu, na shuka hilo la pili sasa limepungua kama inchi moja hivi, nalivuta hadi mishono inalia. Hapo sina wa kumlaumu.

Yapo ninayoweza kumlaumu. Aliniahidi siku tano, nikazipata zikiwa kumi na mbili. Vifungo vya shuka la juu alivielekeza juu, vikawa vinakwaruza vidole vya miguu, nikalazimika kuvihamishia upande wa chini mwenyewe. Tena kukata godoro hakukuondoa unyevu unaojikusanya chini yake. Plaiwudi yetu ilikuwa imeziba kabisa, tukakuta ukungu mweusi, na dawa ikawa ni kuing'oa na kuweka chaga, zenye nafasi ya kupitisha hewa. Faida iliyopatikana bila kutarajiwa ni kwamba vipande vikiwa viwili ni rahisi kuvisimamisha mchana vipigwe na upepo, kama tulivyofanya Tiwi, ambako kila kitu hunata chumvi.

Nyuzi za mishono ya kona hazijafumuka hadi leo, pamoja na kufuliwa kila wiki tunapokuwa safarini. Nimekwisha kumpelekea kitambaa cha kikoi kwa seti ya tatu, safari hii kikiwa kimelowekwa, naye amenijibu kwamba nisubiri hadi baada ya Idi, kwa sababu kwa sasa ana kanzu za watu.